Kutakasa Vitu vya Kila Siku kwa Mwanga wa Urujuanimno: Namna ya Kufanya Bila Kujidhuru

Kitu kinachoweza kuoshwa kwa maji na sabuni hakihitaji taa ya urujuanimno. Naanza na kauli hii kwa sababu vifaa vingi vya nyumbani hutangazwa kana kwamba mwanga unaweza kushika nafasi ya kuosha, na mtu anayeamini hivyo hubaki na kitu kichafu ambacho moyoni mwake amekwisha kukihesabu kuwa safi. Hata hivyo, vipo vitu tunavyovishika mara nyingi kwa siku ambavyo haviwezi kuloweshwa, kama vile simu, rimoti, spika ndogo za masikioni na vipimajoto vya dijitali. Kwa vitu vya namna hiyo, mwanga wa urujuanimno huua vijidudu kwelikweli, ilimradi kifaa kiwe sahihi, muda utoshe, uso wa kitu uwe umesafishwa kwanza, na kazi yote ifanyike ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Mionzi ipi inayoua vijidudu

Mionzi ya urujuanimno ina urefu wa wimbi kuanzia nanomita 100 hadi 400 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na wataalamu huigawa katika makundi matatu. UV-A ni ya nanomita 315 hadi 400, UV-B ni ya 280 hadi 315, na UV-C ni ya 100 hadi 280. Kundi hili la mwisho ndilo linalotumika kutakasa. Jua nalo hutoa UV-C, lakini oksijeni na ozoni iliyo juu angani huizuia yote kabla haijafika ardhini, ndiyo maana UV-C yoyote utakayokutana nayo katika maisha ya kawaida itakuwa imetoka kwenye chanzo kilichotengenezwa na binadamu, kama taa.

Mionzi hii hufanya kazi kwa kuharibu vinasaba. DNA na RNA hufyonza mwanga kwa nguvu zaidi karibu na nanomita 260 hadi 265, na nishati inayofyonzwa huzifanya molekuli za thimini zilizopakana katika uzi wa DNA zigandamane. Uzi ukishagandamana hivyo hausomeki tena sawasawa, na kijidudu hushindwa kuzaliana. Taa za kawaida za mvuke wa zebaki wenye shinikizo dogo hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake katika nanomita 253.7, ambayo mara nyingi huandikwa 254 tu. Taa mpya za LED za kutakasa hutoa mwanga wa kati ya nanomita 265 na 280.

Ujuzi huu si wa jana. Mwaka 1877 watafiti Arthur Downes na Thomas Blunt walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria wasikue. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na mwaka 1910 mji wa Marseille nchini Ufaransa ulijaribu mtambo wa kusafisha maji ya kunywa kwa mionzi hii. Mtu akikuambia kwamba taa hizi ni ulaghai mtupu, amekosea. Tatizo liko kwingine, nalo ni kiasi cha mwanga kinachokifikia kijidudu.

Jambo moja zaidi linafaa kujulikana kabla ya kufika kwenye hesabu. Kijidudu kilichopigwa na mionzi kidogo mno hakijafa, kimejeruhiwa tu. Mwaka 1949 mtafiti Albert Kelner alichapisha uthibitisho kwamba viumbe vidogo vilivyoumizwa na urujuanimno vinaweza kupona vikipata mwanga wa kawaida unaoonekana, kwa kuwa bakteria wengi wana kimeng'enya kinachotumia mwanga huo kutenganisha molekuli zilizogandamana. Kuangaza nusunusu, kisha kukiacha kitu juu ya meza yenye mwanga, ni kuwapa baadhi yao nafasi ya kurudi.

Hesabu ambayo matangazo hayaifanyi

Nguvu ya kutakasa hupimwa kwa dozi, na dozi hupatikana kwa kuzidisha ukali wa mwanga kwa muda. Ukali huandikwa kwa miliwati kwa kila sentimita ya mraba, muda huwa kwa sekunde, na jibu huwa milijuli kwa kila sentimita ya mraba. Mitambo mingi ya maji ya kunywa hupangwa kutoa dozi ya milijuli 40, na dozi hiyo ni kipimo kizuri cha kulinganishia, ingawa vijidudu havilingani kwa ukaidi. Bakteria kama E. coli huhitaji chini ya milijuli 10 ili idadi yao ipungue mara elfu kadhaa. Kimelea cha Cryptosporidium, ambacho klorini hukishindwa, hupungua mara elfu moja kwa milijuli 12 tu. Kwa upande mwingine, kanuni za maji za Marekani hudai milijuli 186 ili virusi vipungue mara elfu kumi, kwa sababu ya adenovirusi ambao ni wagumu kuliko wengine. Mbegu za bakteria na za kuvu nazo ni ngumu, hasa zile za kuvu zenye rangi nyeusi.

Sasa tuchukue taa ndogo ya kushika mkononi ambayo LED zake zinatoa kwa jumla miliwati 10 za UV-C, na tuseme mwanga huo wote unaangukia eneo la sentimita 10 kwa 10. Eneo hilo ni sentimita za mraba 100, hivyo kila sentimita ya mraba inapata miliwati 0.1. Ili kufikia milijuli 40, taa inabidi ikae palepale bila kutikisika kwa sekunde 400, yaani karibu dakika 7. Meza yenye ukubwa wa mita moja ya mraba ina maeneo 100 ya namna hiyo, na kuitakasa yote kwa taa hiyo kungechukua sekunde 40,000, ambazo ni zaidi ya saa 11. Anayeipitisha taa hiyo juu ya meza kwa sekunde 10 na kuridhika hajafanya kitu. Kitambaa chenye maji ya sabuni kingemaliza kazi hiyo kwa dakika moja.

Kisanduku chenye taa yenye nguvu kina hali tofauti. Ikiwa ukali wa mwanga juu ya kitu ni miliwati 2 kwa kila sentimita ya mraba, milijuli 40 hupatikana kwa sekunde 20. Lakini ubavu wa kitu usiotazamana na taa unaweza kupata sehemu moja tu ya kumi ya mwanga huo, kwa kurudishwa na kuta za kisanduku, na ubavu huo utahitaji sekunde 200, zaidi kidogo ya dakika 3. Ni busara kupanga muda kwa kuangalia sehemu inayopata mwanga hafifu kuliko zote, na wala si ile inayong'aa.

Umbali nao una nguvu kubwa katika hesabu hii. Kwa taa ndogo iliyo kama nukta, kuongeza umbali mara mbili hupunguza mwanga hadi robo. Kwa hiyo takwimu ya ukali isiyotaja umbali uliopimiwa haina maana, na muuzaji anayeitoa bila umbali hajakuambia kitu.

Vilevile soma kwa uangalifu ahadi ya asilimia 99.9. Kwenye uso wenye vijidudu milioni moja, kupunguza kwa asilimia 99.9 huacha 1,000. Hilo ni punguzo la maana, lakini mara nyingi hupatikana katika maabara, kwa kijidudu kimoja kilichochaguliwa, kwenye bapa safi linalotazamana na taa moja kwa moja. Simu yenye mafuta ya vidole na vumbi kwenye tundu la spika si bapa la maabara.

Kivuli, uchafu na vioo

UV-C hutenda kazi pale tu inapogusa. Ichukulie kama rangi inayopulizwa kutoka kwenye bomba lisilosogea: kila sehemu isiyotazamana na bomba hubaki bila rangi. Ufa kati ya simu na kava lake, mashimo ya spika, nafasi kati ya vitufe vya rimoti, nyuzi za mswaki na tabaka za kitambaa, hizo zote ni sehemu za kivuli. Tone la mafuta, ute au mabaki ya chakula nalo ni kivuli kwa kijidudu kilicho chini yake. Kusafisha kabla ya kuangaza si hatua ya hiari.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kioo cha kawaida huzuia UV-C karibu yote, na plastiki nyingi hufanya hivyo pia. Kitu kilichomo ndani ya mfuko wa plastiki, chupa au sanduku la kioo hakitakaswi kwa kuangazwa kutoka nje. Ndiyo sababu taa zenyewe hutengenezwa kwa kioo cha kwatsi au kioo maalumu kinachopitisha mionzi. Kioo cha kujitazamia hakifai kurudishia mionzi hii, kwa kuwa tabaka la kioo lililo mbele huifyonza kabla haijafika kwenye madini yaliyo nyuma. Alumini iliyosuguliwa hurudisha sehemu kubwa ya UV-C, wakati chuma cha pua hurudisha kidogo tu, hata kama machoni mwetu vyote viwili vinang'aa sawa.

Kuchagua kifaa

Ushauri wangu ni kununua kisanduku kinachofungwa, si taa ya kushika mkononi. Kisanduku kizuri kina swichi inayozima taa mara mfuniko unapofunguliwa, kina saa ya kujizima, kina alumini ndani, na mwanga wake hauvuji kwenye maungio. Kitu hukaa juu ya waya mwembamba au bamba la kwatsi ili upande wa chini nao uangazwe. Kisanduku chenye taa juu peke yake humlazimu mtumiaji kugeuza kitu na kurudia.

Kwenye maelezo ya kifaa tafuta urefu wa wimbi kwa nanomita, ukali wa mwanga pamoja na umbali, na muda unaopendekezwa pamoja na jina la kijidudu kilichojaribiwa. Kifaa kilichoandikwa “UV” bila namba yoyote kiachwe dukani. Vipo vifaa vinavyotoa mwanga wa zambarau wa nanomita 395 hadi 405, ambao uko ukingoni mwa UV-A na mwanga unaoonekana. Mwanga wa nanomita 405 una uwezo fulani wa kuua bakteria, ila dozi yake huhesabiwa kwa juli nyingi badala ya milijuli, na hivyo huhitaji saa nyingi. Anayeuza taa kama hiyo kwa ahadi ya sekunde 30 anauza rangi tu.

Rangi yenyewe haithibitishi chochote. UV-C haionekani kwa macho. Mwanga wa buluu unaouona kwenye taa ya zebaki ni mwanga mwingine unaotoka pamoja nayo. Wala kung'aa kwa karatasi nyeupe au alama za siri za noti si ushahidi, kwa kuwa UV-A nayo huviwasha vitu hivyo. Kipimo cha kuaminika kwa mtu wa kawaida ni kadi ya kiashiria inayobadilika rangi kwa nanomita 254, ambayo huonyesha viwango kadhaa vya dozi. Iweke palepale kitu kinapokaa, kisha iweke kwenye kona ya mbali na upande wa chini, ulinganishe. Asiye na kadi anaweza kufunika nusu ya ganda la ndizi kwa karatasi ya alumini na kuliacha kwenye kisanduku kwa mizunguko kadhaa: UV-C huifanya nusu iliyo wazi iwe ya kahawia katika saa zinazofuata. Jaribio hili huonyesha kwamba mionzi ipo, halionyeshi kwamba inatosha.

Zipo pia taa za nanomita 222, zinazotumia gesi ya kriptoni na klorini. Mwanga wake hupenya kidogo sana kwenye tabaka la nje la ngozi lililokwisha kufa, na kwa hiyo viwango vyake vya usalama ni vya juu zaidi. Lakini lazima ziwe na kichujio kinachoondoa mionzi ya urefu mwingine, na zinaweza kuzalisha ozoni. Kwa kutakasa simu nyumbani sioni sababu ya kuzitafuta.

Hatari zake, na kwa nini kisanduku ni lazima

Kamisheni ya kimataifa inayoshughulikia kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ioni, inayojulikana kwa kifupi ICNIRP, imeweka kikomo cha milijuli 6 kwa kila sentimita ya mraba kwa macho na ngozi katika siku ya kazi ya saa 8, kwa nanomita 254. Linganisha na milijuli 40 tulizozitaja. Kwa taa yenye ukali wa miliwati 2, kikomo cha siku nzima hufikiwa katika sekunde 3. Hapa ndipo penye kiini cha suala lote: dozi inayotosha kutakasa kitu ni kubwa mara kadhaa kuliko ile inayoruhusiwa kuufikia mwili. Taa ya nanomita 254 inayodaiwa kuwa salama hata ikimulika mikono wazi, na papo hapo kuua vijidudu kwa sekunde chache, ina dai moja la uongo kati ya hayo mawili.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2022 juu ya baadhi ya taa za kushika mkononi, baada ya kubaini kwamba baadhi yake, kwa umbali wa sentimita 5 hivi, zilitoa mionzi hadi mara 3,000 ya kikomo kilichopendekezwa. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza wazi mwaka 2020, wakati wa janga la korona, kwamba taa za urujuanimno zisitumiwe kutakasa mikono wala sehemu nyingine ya ngozi. Tangu mwaka 2009, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka mionzi ya urujuanimno, pamoja na UV-C, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Jeraha la macho ndilo linalotokea kwa urahisi zaidi, na ubaya wake ni kwamba haliumi wakati linapotokea. Mtu hutazama taa, hajisikii chochote, kisha baada ya saa chache, mara nyingi kati ya 6 na 12, macho huanza kuwasha, kutoa machozi, kuogopa mwanga na kuhisi kana kwamba yamejaa mchanga. Ngozi nayo huwa nyekundu na kuuma kama iliyounguzwa na jua. Kwa kuwa hakuna maumivu ya kukuonya papo hapo, usitegemee hisia zako kupima usalama. Tegemea kizuizi: mfuniko, swichi na umbali. Watoto na wanyama wa nyumbani hawajui kujikinga, kwa hiyo kifaa kihifadhiwe mahali wasipofikia, kikiwa kimechomolewa kwenye umeme.

Hatari ya pili ni ozoni. Mionzi yenye urefu wa chini ya nanomita 240 hivi huvunja molekuli za oksijeni, na baadhi ya taa za zebaki hutoa pia mwanga wa nanomita 185 ambao huzalisha ozoni. Gesi hii huchoma koo na mapafu na huwadhuru zaidi wenye pumu. Chagua taa iliyoandikwa kwamba haizalishi ozoni. Ukisikia harufu kali ya kuwasha pua kila unapotumia kisanduku, zima, fungua madirisha, na ukirudishe kifaa kilikotoka.

Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

Anza kwa kunawa mikono, kwa sababu mikono michafu itarudisha kila kitu mahali pake mara tu utakapokitoa kitu kisandukuni. Kisha kiandae kitu chenyewe: zima umeme wake, vua kava, ondoa kamba na mapambo, na kifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya sabuni au kwa alkoholi ya asilimia 70, ikiwa mtengenezaji wa kitu hicho ameiruhusu. Toa uchafu wa kwenye mashimo kwa brashi kavu. Acha kikauke kabisa. Ukweli ni kwamba hatua hii pekee hufanya sehemu kubwa ya kazi, na mara nyingi hutosha. Mwanga unaokuja baadaye ni nyongeza kwa yale ambayo kitambaa kilipita bila kuyagusa.

Panga vitu kisandukuni bila kugusana wala kulaliana. Uso unaoshikwa zaidi, kama kioo cha simu, utazamane na taa. Funga mfuniko mpaka ushike, kisha washa. Taa za zebaki huhitaji kama dakika moja au zaidi kufikia nguvu yake kamili, hasa chumba kikiwa na baridi, wakati LED hufikia nguvu yake mara moja. Mzunguko ukiisha, geuza vitu na urudie kwa muda uleule, hata kama kisanduku kinadai kuangaza pande zote. Kwa kifaa ambacho ukali wake haukuandikwa vizuri, mimi ningezidisha muda wa kiwandani mara mbili kabla ya kukiamini, mradi vitu vilivyomo vinavumilia. Acha kisanduku kikae kimefungwa kwa muda mfupi baada ya taa kuzimika, kifungue huku uso wako ukiwa mbali kidogo, na toa vitu kwa mikono safi. Kava la simu lioshwe kwa sabuni kivyake, kwa maana ndilo lililobeba uchafu mwingi.

Usijaribu kuidanganya swichi ya mfuniko ili uone mwanga ukifanya kazi. Pia usivue taa kutoka kwenye kisanduku na kuitumia wazi chumbani.

Vitu vinavyofaa na visivyofaa

Simu, rimoti, funguo za gari zenye vitufe, spika za masikioni na vipimajoto vyenye uso laini ndivyo vinavyofaidika zaidi. Lakini hata hivyo visiangazwe mara kumi kwa siku, kwa kuwa UV-C huvunja minyororo ya plastiki. Plastiki nyeupe hugeuka manjano, mpira hupasuka, rangi hufifia, na tabaka nyembamba za lenzi za miwani zinaweza kuharibika. Miwani na funguo za chuma huosheka vizuri kwa sabuni, kwa hiyo sioni haja ya kuziweka kisandukuni kabisa.

Mswaki una nyuzi zinazotiliana kivuli. Usuuze, uweke wima ukauke hewani, na ubadilishe kila baada ya miezi 3 hadi 4 kama wanavyoshauri madaktari wa meno. Chupa za kunyonyeshea watoto ni suala ninalolisisitiza, kwa sababu hapo kosa lina gharama. Mwanga ulio nje haupiti kioo wala plastiki ili kufika ndani, shingo ya chupa ina kivuli, na chuchu ya silikoni ina tundu na mikunjo. Kuosha vizuri kisha kuchemsha au kutumia mvuke hufikia kila kona bila kutegemea mwanga umeangukia wapi.

Barakoa za kitabibu zinaonyesha jinsi kazi hii ilivyo ngumu kwa vitu vyenye tabaka. Wakati wa uhaba wa mwaka 2020, hospitali zilizolazimika kuzitumia tena barakoa za N95 zililenga dozi ya angalau milijuli 1,000 kwa kila sentimita ya mraba, mara 25 ya ile ya maji ya kunywa, na hata hapo mikanda yake ilihitaji kufutwa kwa dawa kando. Kisanduku cha nyumbani hakina uthibitisho wa kufikia kiwango hicho katika kila tabaka, na barakoa iliyochakaa ibadilishwe. Nguo na vitu laini vya kuchezea vifuliwe. Noti na vitabu viachwe, mikono ioshwe baada ya kuvishika. Chakula kisiwekwe humo. Vifaa vya kusaidia kupumua usingizini visafishwe kwa njia iliyoelekezwa na mtengenezaji, ambayo kwa kawaida ni maji ya vuguvugu na sabuni.

Jua nalo lina nafasi yake, ingawa si kwa njia ya UV-C. Njia ya kutakasa maji ya kunywa inayoitwa SODIS hutumia UV-A pamoja na joto: maji maangavu katika chupa ya plastiki ya PET isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, hulazwa juani kwa saa 6, au siku 2 mfululizo mbingu zikiwa na mawingu mengi. Maji yenye tope yachujwe kwanza. Kwa vitu vingine, kuanika juani hukausha, na ukavu wenyewe huwapunguza bakteria wengi, lakini hakuna muda maalumu ninaoweza kukutajia kwa uhakika kwa simu au kiatu, na joto kali huharibu betri.

Utunzaji, na ajali zikitokea

Taa ya zebaki hupungua nguvu polepole, na nyingi hupangiwa kubadilishwa baada ya saa 8,000 hadi 9,000, hata kama bado inawaka buluu kama siku ya kwanza. Baadhi ya LED za UV-C huchoka mapema zaidi. Vumbi na alama za vidole juu ya taa hufyonza mionzi, kwa hiyo futa taa iliyozimwa na kupoa kwa kitambaa laini chenye alkoholi kidogo, bila kuigusa kwa vidole vitupu, na ufute pia alumini ya ndani.

Taa ya zebaki ikivunjika, watu na wanyama watoke chumbani, fungua madirisha, zima feni au kiyoyozi kinachosambaza hewa, na usubiri angalau dakika 10. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi wala ufagio, kwa kuwa huitawanya zebaki. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu ukiwa umevaa glavu, okota chembe ndogo kwa utepe wa kunata, pangusa kwa karatasi yenye unyevu, na utie vyote katika chupa yenye mfuniko. Taa nzima iliyoisha muda wake nayo isitupwe pamoja na takataka za kawaida. Ipelekwe mahali panapopokea taka zenye zebaki.

Na ikiwa mtu amemulikwa macho, asisubiri maumivu ndipo aondoke. Azime taa, avue lenzi za machoni kama anazo, akae mahali penye mwanga hafifu, asifikiche macho, na aweke kitambaa baridi chenye unyevu juu ya kope zilizofumbwa. Matone ya kutia ganzi yasitumiwe nyumbani, kwa kuwa yanachelewesha konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kupona. Mara nyingi macho hupona ndani ya siku 1 hadi 2. Maumivu makali, uoni unaofifia, au dalili zinazodumu kupita siku hizo zinahitaji daktari wa macho, naye aelezwe ni taa ya aina gani, ya nanomita ngapi, na mtu aliitazama kwa umbali na muda gani.